Kutengeneza kamal na kupima kwayo nyota za pwani ya Afrika Mashariki

Katika vyombo vyote ambavyo mabaharia wa kale walivitumia kupima nyota, kamal ndicho kilicho rahisi zaidi kukitengeneza, na kwa maoni yangu ndicho kinachoifaa zaidi Bahari ya Hindi ya magharibi. Ni kibao cha mstatili chenye tundu katikati, na katika tundu hilo umepitishwa uzi wenye mafundo. Rubani alikiinua kibao mbele ya jicho lake na kuunyoosha uzi, kisha akakisogeza mpaka ukingo wa chini ukalie mstari ambapo bahari na mbingu hukutana, na ukingo wa juu uiguse nyota aliyoikusudia. Urefu wa uzi kati ya jicho na kibao ndio uliomwambia nyota iko juu kiasi gani, na kimo hicho cha nyota ndicho kilichomwonyesha amefika wapi kaskazini au kusini.

Maelezo mengi ya kamal humwelekeza msomaji aipime Nyota ya Kaskazini, ambayo mabaharia Waarabu waliiita al-Jah. Maelezo hayo ni sahihi kwa mtu aliye Maskati au Calicut nchini India, lakini hayamsaidii aliye Mombasa, Unguja au Kilwa, kwa sababu ukivuka Ikweta kuelekea kusini nyota hiyo huzama chini ya upeo wa bahari na haionekani tena. Marubani waliokuja pwani yetu na pepo za kaskazi walilijua jambo hilo vizuri. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15, alitunga utenzi mzima wa mafunzo ya njia ya bahari kutoka kaskazini hadi Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, uitwao as-Sufaliyya. Mahali ambapo al-Jah haikuonekana, vipimo vilichukuliwa kwa Farqadani, yaani nyota mbili angavu za kundi la Dubu Mdogo zilizo jirani na Nyota ya Kaskazini, na kusini zaidi kwa nyota za Na'sh, yaani zile saba za Dubu Mkubwa. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: kamal tutakayotengeneza inapima Farqadani, na mafundo yake ni ya miji ya pwani kuanzia Kilwa mpaka Lamu.

Vifaa na namna ya kutengeneza

Tafuta kipande cha ubao mgumu chenye unene wa milimita 4 au 5. Mvule, msaji au mbao za tabaka zote zinafaa, ila kibao kiwe kimenyooka kabisa na kingo zake ziwe kali, kwa maana ukingo uliochakaa au wa mviringo huifanya nyota ionekane kama inayogusa kabla haijagusa. Kikate kiwe na kimo cha sentimita 6 barabara na upana wa sentimita 9. Upana hauna kazi katika hesabu, kwa hiyo usihangaike nao, lakini kimo cha sentimita 6 ndicho msingi wa vipimo vyote vinavyofuata; kikipungua hata milimita 2, mafundo yote yatakuwa na makosa. Piga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, na pale inapokutana toboa tundu dogo la kupitisha uzi.

Uzi usiwe wa nailoni, kwa kuwa hunyumbuka unapovutwa na kukupa kipimo kipya kila mara. Uzi wa pamba uliosokotwa na kupakwa nta, kama ule wa mafundi viatu, ni mzuri. Kata kiasi cha sentimita 80, uupitishe tunduni, na upande wa nyuma wa kibao ufunge fundo nene lisiloweza kupita.

Sasa anza kufunga mafundo upande wa mbele, ukipima kutoka uso wa kibao unaolikabili jicho. Fundo la Lamu liwe kwenye sentimita 25, la Malindi kwenye 26.9, la Mombasa kwenye 28.8, la Nungwi kwenye 33.5, la Mji Mkongwe wa Unguja kwenye 35.1, la Dar es Salaam kwenye 37.6 na la Kilwa Kisiwani kwenye 49. Anayetaka kuongeza mji mwingine anaweza kulikokotoa fundo lake mwenyewe: chukua nusu ya kimo cha kibao, yaani sentimita 3, uigawanye kwa tanjenti ya nusu ya pembe ya nyota katika mji huo. Mtwara, kwa mfano, ambako nyota yetu hupanda digrii 5.7 tu, ungehitaji uzi wa sentimita 60, nao ni mrefu kuliko mikono ya watu wengi inavyoweza kufika. Dawa yake ni kibao kidogo zaidi: chenye kimo cha sentimita 4 kitaleta fundo la Mtwara karibu, kwenye sentimita 40. Kwa sababu hiyohiyo marubani wa zamani walikuwa na seti za vibao vya ukubwa mbalimbali, na João de Barros, mwandishi Mreno aliyechapisha historia yake mwaka 1552, anaeleza kwamba rubani aliyemwongoza baharia Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 alikuwa na chombo cha mbao tatu.

Hadithi hiyo ya Barros inastahili kuelezwa kidogo zaidi. Anasema kwamba da Gama alimwonyesha rubani huyo, ambaye Barros anamtaja kuwa Mwislamu wa Gujarat nchini India, astrolabu (ala ya duara ya kupimia kimo cha jua na nyota) kubwa ya mbao na nyingine za chuma, naye rubani hakushangaa hata kidogo, akajibu kwamba marubani wa Bahari ya Shamu walikuwa na ala zao za shaba za kupimia jua na nyota, lakini yeye na wenzake wa Cambay, bandari ya Gujarat, walitumia mbao. Wapo wanaomtaja rubani huyo kuwa ni Ibn Majid mwenyewe, jambo ambalo wanahistoria wengi wa leo hawalikubali. Msafara ulitoka Malindi tarehe 24 Aprili na kuwasili karibu na Calicut mwezi Mei, chini ya siku 30 baharini.

Kuihakiki kamal kabla ya kwenda ufukweni

Hesabu ya mafundo inachukulia kwamba mwanzo wa uzi uko jichoni hasa, ilhali kwa desturi fundo huumwa kwa meno, na meno hayako mahali pamoja na jicho. Tofauti hiyo hubadilika kulingana na uso wa kila mtu, ndiyo maana kamal ya mtu mmoja haimfai mwingine sawasawa. Kwa hiyo usiruke hatua hii, ambayo hufanyika nyumbani mchana.

Simama ukiwa na jicho lako mita 5 kamili kutoka ukutani. Bandika ukutani vipande viwili vya utepe, kimoja juu na kingine chini, katikati yao pakiwa sawa na kimo cha jicho lako. Umbali kati ya vipande hivyo hupatikana kwa kugawanya 3000 kwa sentimita za fundo unalolihakiki. Kwa Nungwi ni sentimita 89 na nusu, kwa Dar es Salaam 80, kwa Mombasa 104, kwa Lamu 120, na kwa Kilwa 61. Uma fundo kwa meno ya mbele, nyoosha uzi, fumba jicho moja, na utazame kama kibao kinaenea kutoka utepe wa juu mpaka wa chini bila kuzidi wala kupungua. Kikizidi, kibao kiko karibu mno na fundo lisogezwe kuelekea mdomoni ili uzi urefuke. Kikipungua, ufupishe uzi. Ukimaliza mafundo yote, yadondoshee gundi kidogo yasiteleze. Kuanzia hapo tumia jicho lilelile na meno yaleyale kila unapopima.

Kuitambua nyota na wakati wake

Farqadani ni nyota mbili zilizo karibu, zikiachana kwa kiasi cha digrii 3, sawa na vidole viwili vilivyonyooshwa mbele kwa urefu wa mkono. Iliyo angavu zaidi, yenye wekundu kidogo, ni Kochab, na hiyo ndiyo tunayoipima. Nyenzake, Pherkad, ni hafifu kuliko yeye.

Nyota yoyote ya upande wa kaskazini huchomoza, hupanda mpaka ikafika kilele chake juu ya kaskazini halisi, kisha huteremka upande wa magharibi. Kipimo chetu kina maana pale tu Kochab inapokuwa kileleni. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, hilo hutokea kiasi cha saa 3 usiku ifikapo tarehe 25 Juni, saa 2 usiku tarehe 10 Julai, na saa 1 usiku tarehe 25 Julai. Kila siku inayopita huiwahisha kwa dakika 4. Kwa bahati njema ni majira ya kusi, mvua za masika zikiwa zimekwisha na anga ya usiku mara nyingi ikiwa safi. Huna haja ya kuifukuzia dakika yenyewe, kwa sababu karibu na kilele nyota huenda kama inayosafiri mlalo: nusu saa kabla au baada, kimo chake huwa kimepungua kwa sehemu ndogo tu ya digrii. Saa nzima ikipita, upungufu hufika nusu digrii, na hapo kipimo kimeharibika.

Elekea kaskazini halisi kwa dira. Upande wa kaskazini-magharibi utaona nyota saba za Dubu Mkubwa, mkia wake ukiwa juu na kichwa kikikaribia kuzama. Mbele yako, chini angani, kwenye kimo cha kama upana wa ngumi moja iliyonyooshwa, utakuta nyota mbili zisizo na jirani mwingine mwangavu. Kochab ikiwa kileleni, Pherkad huwa juu yake kidogo, upande wa kulia.

Kupima

Unahitaji upeo wa bahari ulio wazi upande wa kaskazini, na sharti hili huondoa fukwe nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya pwani yetu inatazama mashariki. Rasi ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, inafaa sana. Hapo ndipo pia majahazi yanapoundwa hadi leo. Kwingineko tafuta rasi au ghuba inayokuruhusu kuitazama kaskazini bila nchi kavu kukatiza, kwa maana mikoko au kisiwa kilicho mbele kitauinua upeo na kukudanganya.

Jambo la pili ni mwanga. Usiku wa giza totoro nyota huonekana vizuri, lakini mstari wa bahari hupotea. Kuna nafasi mbili nzuri: machweo ya siku za mwisho za Julai, wakati Kochab inafika kileleni kabla weusi haujatanda, na usiku wa mbalamwezi, ambapo bahari hung'aa na mstari wake husomeka.

Simama imara, ikiwezekana ukiegemea kitu. Chagua fundo la mji ulipo, liume, nyoosha mkono ulioshika kibao mpaka uzi ukaze, na ukikabilishe kibao na jicho barabara, kisilale mbele wala nyuma. Weka ukingo wa chini juu ya upeo, kisha tazama ukingo wa juu. Nyota ikiukalia ukingo, fundo lako liko sawa na mahali ulipo. Nyota ikionekana juu ya ukingo, uko kaskazini ya mji wa fundo hilo. Ikifichwa na kibao, uko kusini yake. Hivyo ndivyo rubani alivyoitumia kamal kwa kweli. Hakuhitaji kuandika digrii zozote: alipanda au kushuka baharini mpaka nyota ikae juu ya fundo la bandari anayoiendea, kisha akageuza chombo kuelekea nchi kavu akiishikilia nyota palepale. Mabaharia wa pwani ya Coromandel nchini India walifunga mafundo ya bandari zao kwa mtindo huu hata katika karne ya 19.

Hapa ndipo ninapoiona kamal kuwa bora kuliko astrolabu ya baharini, ingawa astrolabu ndiyo iliyosifiwa zaidi vitabuni. Astrolabu huning'inizwa kwa pete na haihitaji upeo wa bahari, lakini chombo kikiyumba nayo huyumba, kiasi kwamba da Gama alilazimika kushuka nchi kavu ili kulipima jua vizuri. Ile iliyopatikana katika mabaki ya meli ya Kireno iliyozama mwaka 1503 karibu na kisiwa cha Al Hallaniyah, Oman, ina kipenyo cha sentimita 17.5 na uzito wa gramu 344 tu, na si vigumu kufikiri jinsi upepo ulivyoichezea. Kamal hukamata nyota na upeo kwa mtazamo mmoja, kwa hiyo kuyumba kwa sitaha hakumsumbui sana mpimaji. Oktanti aliyoionyesha John Hadley mjini London mwaka 1731, na sekstanti iliyoifuata, zilirudi kwenye wazo hilohilo la kuikutanisha nyota na upeo wa bahari, zikitumia vioo.

Kupata latitudo

Ukitaka namba badala ya jina la mji, usitumie fundo. Sogeza kibao mpaka kikae sawa kati ya upeo na nyota, bana uzi kwa kidole mdomoni, kisha pima urefu wake kwa rula. Gawanya 3 kwa urefu huo wa sentimita, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo, uizidishe kwa 2. Hicho ndicho kimo cha nyota. Kisha toa kimo hicho katika 16, na jibu ni latitudo yako, yaani digrii ulizo kusini ya Ikweta. Ukiwa Nungwi na uzi wa sentimita 33.5, kimo ni digrii 10.2, na latitudo ni kama digrii 5.8; ramani inasema 5.7. Namba 16 inatokana na mahali Kochab ilipo angani: iko digrii 74 kaskazini ya ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya Ikweta ya dunia, na 90 ukitoa 74 hubaki 16.

Marubani hawakuhesabu kwa digrii bali kwa isba, yaani kidole, ambayo ni sehemu moja ya 224 za duara zima, sawa na digrii 1.6. Isba moja iligawanywa katika zam 8, na zam ilikuwa pia kipimo cha mwendo wa chombo kwa saa 3. Kwa hiyo rubani aliyesafiri kuelekea kaskazini kwa siku nzima mchana na usiku alitarajia nyota ipande kwa isba moja, na isipopanda alijua kwamba mkondo au upepo umemkwamisha. Huo ni mfumo uliofungamanisha anga na mwendo wa jahazi kwa namna ambayo digrii hazifanyi, na unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Usichukue fundo lolote la karne ya 15 na kulitumia leo. Mwelekeo wa mhimili wa dunia hubadilika polepole sana, na tangu siku za Ibn Majid Kochab imesogea karibu digrii 2 mbali na ncha ya mbingu, yaani pale angani ambapo nyota za kaskazini huonekana kupazunguka, kwa hiyo ukiwa Mombasa Kochab inaonekana juu zaidi kuliko alivyoiona yeye. Al-Jah imekwenda kinyume: wakati ule ilikuwa digrii 3 na nusu hivi kutoka kwenye ncha, na marubani walilazimika kuipima katika nyakati maalumu zilizotambuliwa kwa manazili ya mwezi, yaani vituo vya mwezi kati ya nyota, ilhali leo iko umbali usiofika digrii moja.

Kuhusu usahihi, kosa la sentimita moja kwenye uzi karibu na fundo la Nungwi huleta kosa la digrii 0.3, yaani maili 18 za baharini, au kilomita 34. Aliyezoea na mwenye mkono tulivu hupata matokeo mazuri zaidi ya hapo. Hewa nayo huipinda nuru ya nyota za chini na kuipandisha kidogo, ila kosa hilo ni dogo kuliko la mkono. Kitu ambacho kamal haikuambii kabisa ni umbali wako mashariki au magharibi; hilo lilisubiri saa za baharini za John Harrison katika karne ya 18, na kwa sababu hiyo, pamoja na makosa niliyotaja, usiende baharini ukiitegemea kamal pekee.

Kaskazini na kusini ya pwani yetu

Msomaji aliye Oman hana haja ya Farqadani, kwa kuwa al-Jah iko mbele yake kila usiku wa mwaka, na kimo chake kwa leo kinakaribiana sana na latitudo yenyewe. Ila huko nyota iko juu mno kwa kibao cha sentimita 6, ambacho kingehitaji kusogezwa mpaka sentimita 14 kutoka jichoni. Atengeneze kibao cha kimo cha sentimita 12: fundo la Salala litakuwa kwenye sentimita 40 na la Maskati kwenye 28.7.

Anayeelekea kusini atakuta Farqadani zikimwishia. Katika Kisiwa cha Msumbiji Kochab hupanda digrii moja tu, ikiwa imezama katika ukungu wa upeo, na ukiwa Sofala haionekani kabisa. Hapo pima Dubhe, ile iliyo ncha ya kichwa cha Dubu Mkubwa, ambayo hufika kileleni mapema usiku mwanzoni mwa Mei. Hesabu ni ileile, isipokuwa mahali pa 16 utaweka 28.4. Ukiwa Beira, kwa mfano, Dubhe hupanda digrii 8.5, na fundo lake kwa kibao cha sentimita 6 liko kwenye sentimita 40.